Kete, Mbu na Mashine ya Kuhesabu

Katika bao la Kiswahili kuna namna moja ya kushindwa ambayo mgeni wa mchezo huiona kuwa ni dhulma. Mchezaji ana kete 40, mwenzake ana 24, na aliyeshinda ni mwenye 24. Sababu yake ni nyepesi kwa aliyekulia barazani: kete 40 za yule wa kwanza zote zimerundikana safu ya nyuma, na safu yake ya mbele haina hata moja. Hamna. Mchezo umekwisha, na utajiri wake wa nyuma haumfai kitu, kama mtu aliyejaza ghala mpunga kisha akafungiwa nje bila ufunguo.

Kete za bao ni komwe 64, na hazipungui. Sataranji hula na kutupa. Kilicholiwa hutoka ubaoni na hakirudi. Bao hula na kupanda tena. Kete iliyokuwa yako jana ni yangu leo na kesho itakuwa yako. Kila upande huanza na kete 10 tu ubaoni, 6 zikiwa katika nyumba na 4 zikigawanywa katika mashimo mawili ya jirani yake, na 22 zilizobaki hukaa nje zikiingizwa mojamoja wakati wa kunamua. Baadaye huja mtaji, ambapo kete moja ikiangukia shimo lenye wenzake huwachukua na kuendelea, ikala, ikapandwa tena kutoka kichwani, ikazunguka, ikala tena, hata mtazamaji akasahau mkono ulianzia wapi. Kete iliyo nyuma hailiki. Iliyo mbele ni silaha na ni windo kwa wakati mmoja. Basi mwenye kuuliza "nani ana kete nyingi?" ameuliza jambo la kweli, lakini hajauliza hali ya mchezo.

Swali hili la kupima hali, yaani kutazama mkao wa kete na kusema ni nani aliye juu na kwa kiasi gani, ndilo lililowasumbua wenye mashine tangu siku za mwanzo kabisa. Claude Shannon, mwanahisabati wa Marekani, aliandika mwaka 1950 jinsi kompyuta inavyoweza kufundishwa sataranji. Hakuna mashine wala mtu awezaye kuufuata mchezo hadi mwisho wa kila njia, akasema. Lazima mashine isimame mahali fulani katikati na kukisia. Naye akaiwekea bei: malkia 9, ngome 5, tembo na farasi 3 kila mmoja, askari 1, na mfalme 200 ili asipotee kwa bahati mbaya. Askari aliyetengwa na wenzake hupunguziwa nusu. Uhuru wa kutembea huongezewa sehemu ya kumi kwa kila hatua inayowezekana. Jumla ya upande mmoja hutolewa katika jumla ya upande wa pili, na kinachobaki ndiyo hukumu ya mashine. Alan Turing wa Uingereza alikuwa na hesabu ya namna hiyohiyo, na kwa kuwa kompyuta za wakati ule hazikuiweza, mwaka 1952 alicheza mchezo mmoja yeye mwenyewe akiwa ndiye kompyuta, karatasi na kalamu mkononi, akitumia kama nusu saa kwa kila hatua. Alishindwa.

Kasoro ya hesabu ile ilijulikana mapema. Mwaka 1973 Hans Berliner, aliyekuwa bingwa wa sataranji ya kwa barua na pia mtaalamu wa kompyuta, aliieleza kwa mfano wa upeo wa macho. Mashine yenye kuona hatua nane mbele haijui kwamba hatua ya tisa ipo. Ikiona malkia wake atauawa katika hatua ya nane, hutupa askari mmoja ili adui apoteze nafasi kumla. Sasa kifo cha malkia kimesogea hatua ya kumi, nje ya upeo, na mashine hufurahi kwamba imemwokoa. Hutupa askari wa pili, na wa tatu. Inalipa riba ya deni ambalo haliwezi kufutika, na daftari lake linasema haidaiwi.

Kasoro ya pili ni ngumu zaidi, nayo ni ile ya boma. Hutokea katika sataranji kwamba upande mmoja una malkia na ziada nyingine, na upande wa pili una vitu vichache, lakini hivyo vichache vimejipanga hata pasiwe na mlango wa kuingilia. Mwanadamu hutazama akasema: sare. Mashine kwa miaka mingi ilitazama mkao huohuo ikatoa namba kubwa, ikahesabu hatua milioni mia na bado ikatoa namba ileile, kwani kila njia iliyoifuata iliishia na malkia yuleyule akiwa hai na bila kazi. Mwaka 2017 kundi la mwanafizikia Roger Penrose lilitangaza mkao mmoja wa namna hiyo, tembo weusi wakiwa watatu na bado haiwezekani kushinda kwa haki, na programu za wakati huo zikaupima kuwa ni ushindi wa weusi. Programu za baadaye, hasa tangu Stockfish ilipofungwa mtandao wa neva mwaka 2020, hukosea kidogo kuliko zile. Hazijajifunza kusema kwa nini.

Ila ni haki kutaja upande wa pili wa kosa. Mwezi Mei 1997, mjini New York, Garry Kasparov alicheza michezo sita na Deep Blue, mashine ya IBM iliyopima mikao milioni 200 kwa sekunde, akashindwa pointi 2.5 kwa 3.5. Katika mchezo wa pili, tarehe 4 Mei, alisalimu amri. Haukupita muda, wachambuzi wakagundua kwamba mkao alioukimbia ulikuwa na njia ya sare, kwa kumpiga mfalme shaha bila kukoma. Mashine haikuiona njia ile. Kasparov naye hakuitafuta, kwa kuwa alidhani mashine yenye kuona mbali hivyo isingemwachia mwanya. Huo ndio mkao mmoja mashuhuri ambao mtu na mashine waliupima pamoja na wakakosea pamoja, na hasara ikamwangukia mmoja.

Bao liliingia katika habari hizi kwa njia ya Unguja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mholanzi Alex de Voogt alikaa Zanzibar akiwachunguza mafundi wa bao, namna wanavyokumbuka, wanavyohesabu mkono mrefu bila kugusa kete, na mahali hesabu ya kichwani inapokatikia. Tasnifu yake ilitolewa Leiden mwaka 1995, na jina lake lilizungumzia mipaka ya akili. Miaka michache baadaye, katika Chuo Kikuu cha Maastricht, Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk waliandika programu ya bao. Makala yao ilisomwa mwaka 2002. Walikadiria mikao inayowezekana kuwa namba 1 ikifuatiwa na sufuri 25. Ni michache kuliko ya sataranji. Lakini sataranji hubadilisha nyumba mbili au tatu kwa hatua moja, na bao laweza kupindua ubao mzima kwa mkono mmoja, tena kuna mikono ambayo haikomi kabisa, ambayo mashine ikiifuata huzunguka hadi umeme ukatike.

Basi mashine ya bao ipime nini? Donkers na wenzake walitengeneza vipimo vitano. Cha kwanza kilihesabu kete tu, zangu kutoa zako. Cha pili kiliongezewa maarifa machache ya mchezo, kama vile kuwa na nyumba ambayo bado iko hai. Vilivyobaki havikuandikwa kwa mkono. Vilifunzwa kwa kuchezeshwa michezo mingi, kimoja kwa kuzalisha na kuchuja mfano wa mbegu bora, kingine kwa kusahihisha kisio la jana kwa matokeo ya leo, kingine kwa mtandao wa neva. Kisha wakauliza swali ambalo kila mchezaji wa Kisonge angelielewa: je, inafaa mashine ijue mwenzake anapimaje? Kwani katika bao hupimi kete tu, unampima na mtu. Unamwachia shimo nono ukijua atalila, na ukijua mkono wake utaishia wapi. Jawabu lao katika mwaka 2003 lilikuwa la tahadhari: inafaa, iwapo unamjua mwenzako vizuri sana na kipimo chako mwenyewe si kibovu. Ukimdhania vibaya, ujanja hukugeukia. Mwalimu Nyerere, ambaye alilipenda bao, hakuhitaji kusomea jambo hilo Uholanzi.

Kutoka ubaoni hadi bondeni ni safari fupi kuliko inavyodhaniwa. Magharibi ya Ifakara, kati ya milima ya Udzungwa na mto Kilombero, kipo kijiji cha wakulima wa mpunga kiitwacho Namawala. Pwani hawakijui. Lakini katika ulimwengu wa watu wanaocheza na malaria kwa kompyuta, jina lake linajulikana kama jina la ufunguzi mashuhuri wa sataranji linavyojulikana kwa mabingwa.

Sababu ni hii. Waswisi wa taasisi ya tiba ya Basel, wakiongozwa na Rudolf Geigy, walijenga maabara Ifakara mwaka 1957. Maabara hiyo ilikua, ikawa kituo cha Kitanzania mwaka 1996, na tangu 2008 inaitwa Taasisi ya Afya Ifakara. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wake walifanya Namawala kazi ya subira ambayo ni vijiji vichache vya Afrika viliwahi kufanyiwa: usiku baada ya usiku, msimu baada ya msimu, mitego ya taa ilitundikwa vyumbani kando ya vyandarua vya watu waliolala, na asubuhi mbu walihesabiwa, wakatenganishwa kwa aina, wakapimwa kama wamebeba vimelea. Zidisha idadi ya mbu wanaomuuma mtu kwa sehemu ya mbu wenye vimelea, unapata kipimo. Cha Namawala kilikuwa zaidi ya kuumwa mara 300 kwa mwaka na mbu mwenye sumu. Takriban kila usiku, kwa kila mtu, pamoja na mtoto aliyezaliwa wiki iliyopita.

Namba hiyo ndiyo iliyosafiri. Mwaka 2000 Gerry Killeen na wenzake walipotaka kujaribu hesabu yao ya maambukizo walichagua mahali pachache duniani penye takwimu za kutosha, kule Nigeria, kule Papua New Guinea, na Namawala. Mwaka 2006 kundi la Basel la Thomas Smith lilipochapisha kielelezo kikubwa cha kompyuta cha kukisia faida ya chanjo ya malaria kabla chanjo yenyewe haijapatikana, majira ya mbu waliyoyatumia kama kigezo yalikuwa ya Namawala. Mwaka 2011 Philip Eckhoff wa Marekani, akiandika programu nyingine kabisa ya maisha ya mbu, naye aliijaribu kwa mvua na joto la Namawala. Wanafunzi ambao hawajawahi kuuona mto Kilombero wamebonyeza kitufe na kukifanya kijiji hiki kiishi miaka mia, kife, kipone, kipewe vyandarua, kinyang'anywe.

Na hapo ndipo suala la kupima hali linapokuwa zito, kwani namba ya mwisho haimpi mtu medali. Huamua kama fedha zitakwenda kwenye chandarua, chanjo au dawa ya kupulizia ukutani, na watoto wa wapi watasubiri.

Namawala yenyewe ilitoa onyo mapema. Mwaka 1993 Smith, J. D. Charlwood na wenzao wa Ifakara walitoa makala iliyokuwa na mshangao ndani yake. Mbu wa kijiji kile hupanda na kushuka na mvua kwa kiasi cha kutisha; wakati wa masika ni wingu, wakati wa kiangazi ni wachache wa kutafutwa. Mwenye kuhesabu angetarajia vimelea katika damu ya watu vipande na kushuka hivyohivyo. Havikufanya hivyo. Damu ilibaki karibu na kiwango kimoja mwaka mzima. Maambukizo ya zamani yalikuwa yamekwisha kujaa mwilini, mapya yaliingia juu yake, na kinga iliyonunuliwa kwa homa nyingi ilivizuia vyote visizidi mpaka fulani. Kuongeza mbu mia katika hali hiyo ni kumwongezea malkia yule aliyekwama nje ya boma. Namba ya daftari hupanda, ubao haujui habari.

Wenye vielelezo waliisoma makala hiyo vizuri, tena baadhi yao ndio walioiandika. Vielelezo vya baadaye vikawekewa kinga ya mwili, umri, maambukizo yanayopandana, kama vile programu ya bao ilivyoongezewa nyumba juu ya hesabu ya kete. Si haki kuwacheka. Tena kuna mahali ambapo mashine iliona mbali kuliko desturi ya wakati wake. Chandarua chenye dawa kilikuwa kimekwisha kuthibitika bondeni: mradi wa KINET, katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, uliuza vyandarua vya "Zuia Mbu" Kilombero na Ulanga, na mwaka 2001 ilitangazwa kwamba chandarua chenye dawa kiliongeza uhai wa watoto wadogo kwa asilimia 27. Sera za wakati huo zikakipeleka kwa mama mjamzito na mtoto, kwa kuwa wao ndio wanaokufa. Ni sera yenye huruma na yenye mantiki ya Shannon: mlinde mfalme kwanza, ana bei 200. Killeen na wenzake, kwa hesabu waliyoifanyia Kilombero, walionyesha mwaka 2007 kwamba mtoto hulindwa pia na chandarua cha baba yake, kwani mbu anayekufa kwenye chandarua cha mtu mzima hamfikii mtoto. Na kwamba kufunika watu wa rika zote, kati ya asilimia 35 na 65 kutegemea mazingira, kungewafaa hata wasio na chandarua. Hilo halikuonekana kwa macho matupu kitandani. Liliitaka hesabu.

Lakini mchezaji wa upande wa pili hakusimama. Vyandarua vilipoenea, mwaka 2011 watafiti wa bondeni waliripoti kwamba sehemu ya mbu wanaouma nje ya nyumba imeongezeka. Kisha yakaja matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 kuhusu vijiji vya kusini-mashariki mwa Tanzania, bonde hili likiwamo. Mbu walionaswa walikuwa wengi zaidi wa aina ya arabiensis. Aina ya pili, funestus, ilikuwa ndogo kwa idadi, lakini ndiyo iliyobeba zaidi ya asilimia 80 ya maambukizo. Huishi muda mrefu, hupenda damu ya mtu, na alikuwa ameanza kuizoea dawa ya chandarua. Aliyehesabu mbu tu alikuwa akiihesabu safu ya nyuma. Na ule mchoro wa majira wa mwaka 1990 na 1991, uliomo katika programu za Basel na Marekani, unatokana na kijiji ambacho arabiensis na wenzake walitawala masika, na ambacho kwa hali ile hakipo tena.

Hakuna aliyedanganya. Mtu huchukua mkao anaoujua vizuri kuliko yote, huuweka katika mashine, na mashine humrudishia mkao uleule ukiwa umetembezwa mbele hatua elfu. Chanjo ya RTS,S, ambayo vielelezo hivyo viliikisia tangu ikiwa ndoto, ilijaribiwa katika vituo 11 vya nchi saba kuanzia 2009, Bagamoyo na Korogwe vikiwamo, na kwa watoto waliopata dozi ya nyongeza ilipunguza homa za malaria kwa asilimia 36 katika takriban miaka minne. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021, na ya pili, R21, Oktoba 2023. Takwimu za ubaoni, mara hizi, zilifuatiwa na takwimu za watoto wenyewe.

Liko jambo moja dogo la bonde ambalo lilikaa nje ya kila ubao kwa muda. Wakulima wa Kilombero hawalali kijijini mwaka mzima. Mpunga ukianza, familia huhamia mashambani, mbali na zahanati, zikaishi kwa wiki na miezi katika vibanda vya miti na nyasi, zikifukuza ndege na nguruwe. Kielelezo kilimhesabu mtu nyumbani kwake Namawala au Idete, kitandani, chini ya paa lake, na mwenye akili angekisia kwamba huko porini, bila ukuta, yeye na watoto wake ni chakula cha mbu. Watafiti wa Ifakara walikwenda kuuliza na kutazama, na matokeo yao yalitoka mwaka 2008. Waliolala mashambani, karibu wote, walikuwa na chandarua. Walikiteremsha kijijini, wakakikunja, wakakibeba pamoja na jembe na sufuria.